Sura ya Saba: Faili Linapoishia Sehemu ya 212

Riwaya ndefu za mtandaoni zinapogeuzwa kuwa kitabu cha kielektroniki huharibika kwa namna chache tu, na karibu kila namna ina dalili yake. Faili linasema lina sehemu 400, lakini ukifika ya 212 hadithi inakatika katikati ya sentensi. Au sehemu zote zimo, ila baada ya ya kwanza inakuja ya kumi, kisha ya mia moja, ndipo ya pili. Au Wanging'ombe, wilaya unayoipita ukitoka Makambako kwenda Mbeya, inasomeka Wangingâ€™ombe, na kila ng'ombe na kila ng'ambo imeandikwa hivyohivyo mpaka ukurasa wa mwisho. Au faili limegoma kabisa kufunguka.

Mtu akikutana na hayo hufuta na kupakua upya. Bando linakwisha, tatizo linabaki palepale. Sura hii imeandikwa ili usifute. Kazi nzima ina hatua nne: kuchota kurasa, kuchambua maandishi, kufunga faili, na kulifungua kwenye simu au kisomeo. Kwa kawaida kilichoharibika ni hatua moja tu. Ukishaijua, mara nyingi unarekebisha bila kutumia hata MB moja zaidi.

Kwanza niseme kwa nini kazi hii inastahili jasho lako.

Piga hesabu ya riwaya yenye sehemu 400, kila sehemu maneno 1,500. Hayo ni maneno 600,000, kwa Kiswahili kama herufi milioni nne, yaani MB 4 za maandishi matupu. Yakifungwa vizuri kwenye EPUB, muundo wa kitabu cha kielektroniki, yanashuka chini ya MB 2. Lakini ukizisoma sehemu hizo moja moja kwenye brauza, pamoja na matangazo, picha na vikorokoro vingine vya tovuti, ukurasa mmoja unaweza kula MB 2 peke yake. Hiyo ni MB 800 kwa hadithi ambayo ingeweza kukaa kwenye kona ya memori ya simu ndogo kabisa. Mwanafunzi wa chuo cha Mkwawa au cha MUST anayeunga bando la siku kwa siku anaihisi tofauti hiyo mfukoni.

Pili, njia ya intaneti kufika huku ni ndefu. Mkongo wa Taifa unapanda kutoka Dar es Salaam, unapita Iringa na Mbeya kuelekea mpakani Tunduma, lakini sehemu kubwa ya tunachokisoma inatoka ng'ambo kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili kati ya hizo, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikasuasua nchini kote. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikabaki hivyo kwa siku kadhaa. Siku kama hizo, aliyekuwa na faili ndani ya simu aliendelea kusoma.

Tatu, na kwangu hii ndiyo nzito kuliko zote, hadithi zinapotea. Mwezi Juni 2018, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilipotaka tovuti zisajiliwe na kulipia leseni, JamiiForums ilifungwa kwa takriban wiki tatu. Jukwaa lake la simulizi lilikuwa limebeba hadithi ambazo hazikuwahi kuchapwa kwenye karatasi. Ile ilifunguliwa tena. Kurasa nyingine za simulizi, za Facebook na za tovuti ndogo ndogo, zimekwenda na hazikurudi: mwandishi kapoteza nenosiri, kashindwa kulipia jina la tovuti, au akaunti imedukuliwa. Tuliwahi kuwa na utamaduni wa hadithi za mfululizo kwenye magazeti, na magazeti ya Global Publishers ya Eric Shigongo yalilisha wasomaji wengi kwa njia hiyo. Gazeti la zamani bado unaweza kulikuta maktaba, au hata kwenye sanduku la mtu. Ukurasa wa mtandaoni uliofutwa huukuti popote, isipokuwa kama kuna msomaji aliyeuhifadhi.

Sasa tuanze na kuchota, maana huko ndiko matatizo mengi yanakozaliwa.

Kwa riwaya za Kiingereza, zile ndefu kupita kiasi, zana zipo na ni za bure. Calibre, programu ya kompyuta iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006, hupokea programu-jalizi iitwayo FanFicFare, ambayo ukiipa anwani ya hadithi hukusanya sura zote yenyewe. WebToEpub ni kiendelezi cha brauza: unafungua orodha ya sura, unakibonyeza, kinakusanya. Tovuti ya Archive of Our Own imekwenda mbele zaidi, kwani ina kitufe cha kupakua EPUB palepale. Na anayedhani mtu hawezi kuhitaji zana kwa ajili ya hadithi moja, aitazame Worm ya mwandishi ajiitaye Wildbow, iliyotoka mfululizo kati ya 2011 na 2013 na kufikia maneno zaidi ya milioni moja na laki sita. The Wandering Inn, iliyoanza 2016, imepita maneno milioni kumi. Hakuna mwenye subira ya kunakili hayo kwa kidole.

Zana hizi zinapokwama, hukupa namba, na namba hiyo ndiyo ya kuanzia. 404 maana yake ukurasa haupo hapo ulipouomba: sura imefutwa, au mwandishi kabadilisha kichwa chake na anwani ikabadilika nacho. Rudi kwenye orodha ya sura, chukua anwani mpya. 403 ni kukataliwa mlangoni: ama hujaingia kwa jina lako na nenosiri, ama tovuti imekuona ni roboti. 429 ndiyo inayowapata wenye haraka, kwani umeomba kurasa nyingi kwa muda mfupi na seva inakwambia upunguze. Dawa yake ni kuweka pumziko kati ya ombi na ombi. WebToEpub ina sehemu ya kuweka muda huo, na FanFicFare pia. Weka sekunde tano. Sura 400 zitachukua zaidi ya nusu saa, na hakuna ubaya. Iache ifanye kazi wewe ukinywa chai. Kuongeza kasi ili umalize mapema ndiko kunakofanya anwani ya intaneti unayotumia ifungiwe siku nzima, na kama uko steshenari, umewafungia wateja wote wanaotumia laini hiyo.

Hatari kubwa zaidi ni pale zana inapokwama bila kusema. Inakuandikia kwamba sura zote zimepatikana, kumbe ndani imehifadhi kurasa za aina nyingine. Kwenye steshenari moja karibu na soko la Mwanjelwa nilimsikia binti akimwambia kijana wa kompyuta, "Kaka, mbona kitabu chote kimeandikwa Just a moment?" Kijana akamjibu, "Tovuti imeweka mlinzi, dada. Programu imehifadhi maneno ya mlinzi, hadithi yenyewe haijaigusa." Alikuwa amepatia kabisa. Maneno hayo ni ya ukurasa wa ukaguzi wa Cloudflare, unaotaka uthibitishe kuwa wewe ni binadamu kabla ya kuruhusiwa kupita. Fungua sura moja kwa mkono kwenye brauza, pita ukaguzi, kisha endesha kiendelezi ndani ya brauza hiyohiyo, kwa kuwa tayari ina kibali.

Namna ya kugundua udanganyifu huo bila kusoma sura 400 ni kutazama ukubwa wa mafaili. EPUB ni kifurushi cha zipu. Badilisha mwisho wa jina lake kutoka .epub kuwa .zip, kifungue kwa ZArchiver kwenye simu au kwa programu yoyote ya zipu kwenye kompyuta, na utaona kila sura ikiwa faili lake. Sura halisi hupishana ukubwa: moja KB 9, nyingine 14, nyingine 11. Ukiona mafaili 60 mfululizo yote yana KB 3 kamili, hizo si sura. Ni ukurasa mmoja wa kukataliwa uliohifadhiwa mara 60. Na ukiona sura moja ina KB 2 katikati ya wenzake wenye KB 12, mtandao ulikatika wakati inashuka. Hilo hutokea sana kwa anayepakua ndani ya basi kati ya Mafinga na Igawa, simu ikihama kutoka 4G kwenda 2G na kurudi. Andika namba za sura zilizoharibika, uzichote hizo tu. Hizo nyingine ziache zilipo.

Kuna tovuti ambazo ukurasa wake ukifika huwa mtupu, maandishi yakiletwa baadaye kadiri unavyoteremka kwa kidole. Wattpad hufanya hivyo kwa sura ndefu. Zana isiyojua kusubiri itachukua kipande cha juu tu, na kila sura itaonekana fupi na kukatika mahali pazuri. Hapo badilisha zana, kwa sababu kurudia kupakua kwa zana ileile kutakupa matokeo yaleyale.

Hayo yote ni ya hadithi za Kiingereza. Simulizi zetu za Kiswahili zina tabia yake, na waliotengeneza zana hizo hawakuwa wakizifikiria. Hapa nitakaa kwa muda mrefu.

Simulizi ya Kitanzania kwa kawaida haina orodha ya sura. Mwandishi anaweka sehemu ya kwanza, wasomaji wanamiminika chini yake: "Leta vitu, mkuu", "Arosto inaniua", "Mtunzi umetutelekeza". Sehemu ya pili inakuja kesho yake, katikati ya maneno hayo, na ya tatu baada ya wiki. Ukiiambia programu ichukue kila kitu, utapata kitabu ambacho robo tatu yake ni watu wanaomlilia mwandishi. Kwa hiyo kazi inaanza kwa mkono. Fungua faili tupu la maandishi, orodhesha anwani ya kila sehemu kwa mpangilio, kisha ipe WebToEpub orodha hiyo, au nakili sehemu moja moja kama si nyingi. Inachosha, na hakuna njia ya mkato iliyo salama.

Namba za sehemu usiziamini. Mwandishi anayeandika usiku kwa simu, akiwa na kazi nyingine mchana, anaruka kutoka sehemu ya 33 kwenda ya 35, au anaweka ya 34 mara mbili. Ukipanga kwa kuangalia namba pekee utadhani sehemu imepotea, utaitafuta mtandao mzima, kumbe haikuwahi kuandikwa. Lakini simulizi zetu zimebeba ndani yake kipimo ambacho riwaya za Kiingereza hazina. Sehemu nyingi huanza na "Ilipoishia", ikifuatwa na mistari ya mwisho ya sehemu iliyotangulia, kisha "Sasa endelea". Mistari hiyo ndiyo shahidi wako. Chukua "Ilipoishia" ya sehemu ya 35, ilinganishe na mwisho wa ya 33. Zikifanana, hakuna kilichopotea, mwandishi kakosea kuhesabu tu. Zisipofanana, kuna sehemu iko mahali hujaifikia. Sijaona programu inayoweza kukupa uhakika wa namna hiyo, na utaratibu huu tumeurithi kutoka kwenye hadithi za magazeti, ambako msomaji alihitaji kukumbushwa baada ya wiki nzima.

Ukishathibitisha viungo vyote, ndipo uondoe "Ilipoishia", "Sasa endelea" na "Itaendelea" kwenye nakala ya mwisho, ili hadithi isomeke mfululizo. Ila fanya hivyo mwishoni kabisa. Ukiziondoa mapema umetupa ushahidi.

Sehemu nyingine huja kama picha. Mwandishi kaandika kwenye programu ya simu, kapiga picha ya skrini, kaipandisha, labda akidhani itazuia wezi. Kwenye EPUB picha hizo ni nzito, haziwezi kukuzwa herufi, na asiyeona vizuri hasomewi na simu. Tesseract, programu ya bure inayosoma herufi ndani ya picha, ina faili la lugha ya Kiswahili; hakikisha umelichagua, kwa sababu ukiacha Kiingereza itajaribu kugeuza maneno yetu yafanane na yao. Baada ya hapo soma kwa macho yako. Usitegemee kwamba "rn" haikugeuka "m".

Za makundi ya WhatsApp nazo zina shida yake. Ukihamisha mazungumzo ya kundi unapata faili la maandishi ambalo kila ujumbe umetanguliwa na tarehe, saa, na jina au namba ya simu ya aliyeutuma. Chuja ujumbe wa mwandishi peke yake, kisha futa hizo namba zote kabla faili halijatoka mikononi mwako. Watu waliojiunga na kundi kusoma hadithi hawakukubali namba zao zisafiri ndani ya kitabu.

Kuchambua maandishi ni kama kuchambua mchele wa Kyela kabla ya kuupika: mchele wenyewe ni mzuri, ila usipotoa punje za mawe, jino moja litakukumbusha. Mawe mengine yamewekwa kwa makusudi. Tovuti ya Royal Road huingiza ndani ya sura sentensi zilizofichwa, zinazosema hadithi imechukuliwa bila ruhusa. Kwenye tovuti huzioni, kwa sababu mpangilio wa ukurasa umezificha. Ukichota maandishi bila mpangilio huo, zinajitokeza katikati ya pigano. Toleo jipya la zana yako huenda linazitambua. Lisasishe kwanza kabla ya kulaumu.

Jiwe linalotuumiza sisi zaidi ni kile kialama cha ng'. Kiswahili hakina herufi zenye alama za ziada wala mikia kama Kifaransa, hivyo maandishi yetu huvuka salama karibu kila mahali, isipokuwa hapo. Simu nyingi na Word hubadilisha kialama kilichonyooka kuwa kilichopinda, na kilichopinda huhifadhiwa kwa baiti tatu katika mfumo wa UTF-8. Programu ikidhani faili limeandikwa kwa mfumo wa zamani wa Windows, inazisoma baiti hizo tatu kama herufi tatu tofauti, ndipo Wanging'ombe inapogeuka Wangingâ€™ombe. Maandishi hayajapotea, yamesomwa vibaya tu. Kwenye Calibre, unapobadilisha faili, kuna nafasi ya kutaja mfumo wa herufi za kuingizia: andika utf-8, ugeuze upya. Kama uharibifu ulikwisha kuhifadhiwa na mtu wa kabla yako, tafuta â€™ na uweke ' mahali pake, kwa kitabu kizima mara moja.

Ukiwa hapo, fanya vialama vyote viwe vya aina moja. Mwandishi mmoja anaweza kuwa na ng' ya aina nne ndani ya simulizi moja, na ukitafuta neno ng'ang'ania hutalipata ingawa limo mara ishirini. Vilevile zile herufi nene za madoido zinazopendwa Facebook kwenye vichwa vya sehemu: kwa jicho ni SEHEMU YA KUMI, kwa kompyuta ni alama za hisabati. Utafutaji hauzioni, orodha ya yaliyomo haizitambui, na programu ya kusoma kwa sauti huzivuruga au huziruka. Ziandike upya kwa herufi za kawaida.

Hatua ya tatu, kufunga, ina makosa machache ila makali. Kuhusu sehemu ya 10 kuja kabla ya ya 2: kompyuta hupanga majina kwa kutazama herufi moja baada ya nyingine, hivyo 10 huanza na 1 na inatangulia. Yape mafaili majina 001, 002, 003 tangu siku ya kwanza, nalo tatizo limekwisha. Kuhusu kurasa zinazotokea tupu: EPUB hudai maandishi yaliyofungwa kwa sheria kali, na alama moja ya & iliyoachwa wazi, tuseme kwenye bango la duka la Sanga & Wanawe ndani ya hadithi, inatosha kufanya sura nzima isionekane. Calibre ina kihariri chenye kitufe cha kukagua kitabu. Kinakuonyesha mstari wenyewe, na makosa mengi ya aina hii kinayarekebisha chenyewe.

Aliyefungua EPUB kama zipu na kuirudisha kwa programu ya kawaida ya kuzipu atakuta vifaa vingine vinaikataa. Ndani ya EPUB kuna faili dogo liitwalo mimetype, ambalo lazima liwe la kwanza kwenye kifurushi na lisibanwe. Programu za kawaida hazijui hilo. Kwa kuchungulia, tumia zipu. Kwa kuhariri, tumia Calibre au Sigil, ambazo zinafunga kwa utaratibu unaotakiwa.

Mambo mawili ya haraka. Usiweke simulizi nzima kwenye faili moja la ndani: vifaa vya zamani hushindwa, na ndiyo maana Calibre yenyewe hukata vipande vinavyozidi KB 260. Na kwenye maelezo ya kitabu weka lugha kuwa sw. Programu nyingi huacha en, kisha msomaji wa sauti anatamka Kiswahili kwa lafudhi isiyoeleweka na maneno yanakatwa mwisho wa mstari mahali pasipofaa. Picha ya jalada iweke ukipenda, ila ipunguze kwanza.

Kufungua ndiyo hatua ambayo watu hulaumu faili wakati kosa liko kwenye kifaa. Faili lenye mwisho wa .crdownload halijamaliza kushuka, hata kama limekaa kwenye simu tangu juzi. Lenye mwisho wa .zip huenda ni EPUB iliyobatizwa vibaya na brauza. Rudisha jina lake. ReadEra na Moon+ Reader hufungua EPUB kwenye Android bila gharama na hazihitaji simu ya bei kubwa. Mwenye Kindle asiinakili EPUB kwa waya, haitaonekana. Aitume kwa huduma ya Send to Kindle, ambayo huigeuza yenyewe, au aibadilishe kwenye Calibre kwanza. Na kama simu ni ndogo, achana na PDF. PDF inashikilia ukubwa wa karatasi, na kusoma sehemu 400 ukisukuma ukurasa kushoto na kulia kunaua hamu ya hadithi.

Nimebakiza la mwandishi. Waandishi wengi wa simulizi huweka sehemu kadhaa bure, kisha huuza hadithi nzima kwa malipo ya simu, kwa bei inayokaribiana na soda au chapati mbili tatu. Hayo ndiyo mapato yao. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoanzisha chombo cha hakimiliki, COSOTA, inamlinda anayeandika kwa simu akiwa Kihesa sawasawa na aliyechapwa Dar es Salaam. Niliyoeleza humu ni ya nakala yako ya kusomea. Sehemu inayouzwa, inunue. Na faili ulilolitengeneza kwa sehemu za bure usilirushe kwenye makundi kabla hujamwuliza mwenyewe. Mwandikie. Mwambie umezikusanya sehemu zake zote, umerekebisha namba, umeondoa makosa ya herufi, na umpe nakala. Wapo waandishi wasio na nakala kamili ya kazi yao wenyewe, kwa sababu waliandika moja kwa moja kwenye ukurasa na simu yao ya wakati ule iliibwa. Faili lako linaweza kuwa ndilo pekee lililo zima.

Kwa hadithi ambayo bado inaendelea, hifadhi vitu vitatu kwenye folda moja: EPUB, orodha ya anwani, na maandishi ghafi kabla hujayachambua. FanFicFare hukumbuka anwani ya hadithi ndani ya EPUB yenyewe, hivyo ukiiomba isasishe itachota sura mpya tu na kuziunganisha na za zamani. Kwa simulizi zetu utaongeza kwa mkono: anwani mpya chini ya orodha, faili 213 baada ya 212, "Ilipoishia" ilinganishwe na ilipoishia kweli, kisha ukague na kufunga. Nakala moja ibaki kwenye simu, nyingine kwenye flashi au kadi ya memori. Sehemu tatu mpya zikiwekwa leo usiku, ni kurasa tatu tu za kuchota.